Tezi ya Shingo Inapolegea Wakati wa Ujauzito



Miongoni mwa barua zilizotufikia kutoka Tononoka, mbili zimetulazimisha kuahirisha maudhui tuliyokuwa tumeyaandalia wiki hii. Ya kwanza imeandikwa na mume. Mkewe ana mimba ya wiki kumi na moja. Alipimwa damu katika maabara ya kibinafsi, na karatasi ikarudi na tarakimu 4.8 mbele ya herufi TSH, na kando yake alama ya kuonya. Tangu siku hiyo nyumba haina usingizi, kwani jirani mmoja amekwisha kutoa hukumu kwamba mtoto atazaliwa na akili pungufu. Barua ya pili ni fupi, mistari minne tu. Mwenyewe ni mama wa watoto wawili aliyetumia vidonge vya tezi kwa miaka mitatu. Sasa ana mimba ya miezi miwili, na mama mkwe wake, kwa mapenzi kabisa, amemshauri aviweke kando hadi ajifungue, kwa hoja kwamba dawa na mimba havikai pamoja. Ameviweka. Anachouliza ni chakula gani kitafidia.

Tuseme wazi kabla ya kuendelea: hofu imeingia nyumba isiyo yake. Kilio kimo katika barua ya kwanza, na hatari imo katika ya pili. Mama huyo, na kila aliye katika hali yake, avirudie vidonge vyake kama alivyoandikiwa na amwone daktari ndani ya siku mbili tatu hizi, asingoje tarehe ya kliniki. Hakuna chakula kinachofidia. Sababu zake tutazieleza, lakini jambo hili lisingeweza kusubiri mwisho wa makala.

Tezi inayozungumzwa ni ile iitwayo tezi dundumio. Ni kiungo kidogo chenye umbo la kipepeo, kilichokaa mbele ya koo chini kidogo ya kikoromeo. Kazi yake ni kutengeneza homoni ya thairoksini, ambayo ndiyo inayoamua mwendo wa mwili: moyo upige kwa kasi gani, joto liwe kiasi gani, tumbo lisage kwa haraka au kwa uvivu, akili iwe nyepesi au nzito. Juu yake yuko msimamizi, tezi nyingine ndogo iliyo chini ya ubongo, naye huituma amri kwa homoni iitwayo TSH. Tezi ya shingo ikifanya kazi vyema, msimamizi husema kwa sauti ya chini. Ikilegea, hupaza sauti. Kwa hiyo TSH ikiwa juu, maana yake tezi iko chini. Wengi huisoma karatasi kinyume, wakadhani tarakimu kubwa ni tezi iliyochachamaa.

Ulegevu wenyewe una daraja. Upo ulegevu kamili, ambapo TSH imepanda na thairoksini yenyewe imeshuka chini ya kiwango. Na upo ulegevu mdogo, ambapo TSH imepanda kiasi lakini thairoksini ingali katika kiwango chake. Msimamizi amepaza sauti, na kazi bado inafanyika. Karatasi ya mke wa mwandishi wetu wa kwanza, kwa yale tuliyoelezwa, ni ya namna hii ya pili.

Ujauzito unaibebesha tezi mzigo ambao haijauzoea. Katika wiki za mwanzo mtoto hana tezi inayofanya kazi. Yake huanza kutengeneza homoni kiasi cha wiki ya 12, na haijitegemei sawasawa hadi karibu nusu ya mimba. Muda wote huo thairoksini inayojenga ubongo wake ni ya mamake, na mahitaji ya mama huweza kuongezeka hadi nusu ya alivyokuwa. Wakati huo huo, ile homoni ya mimba inayoleta mistari miwili kwenye kipimo cha mkojo huisukuma tezi ya mama ifanye kazi zaidi, na hivyo TSH hushuka katika miezi mitatu ya mwanzo. Ndiyo sababu kiwango cha kawaida cha mja mzito si kile cha mwanamke asiye na mimba, na karatasi nyingi za maabara huchapisha hicho cha pili bila ya kueleza.

Hapo ndipo ulipozuka mkanganyiko unaowasumbua kina mama hata leo. Miaka ya nyuma, miongozo mikubwa ya kitabibu ilisema kwamba TSH ya mja mzito katika miezi mitatu ya kwanza isizidi 2.5. Wanawake wengi mno wakajikuta wameitwa wagonjwa. Mwaka 2017 Chama cha Tezi cha Marekani kilibadilisha mwongozo wake: mahali pasipo na kiwango kilichopimwa kwa wajawazito wa hapo, mpaka wa juu uchukuliwe kuwa takriban 4.0. Wapo madaktari waliosomea mpaka wa zamani na wapo wanaofuata mpya, na ndiyo maana ndugu wawili wenye tarakimu moja huweza kuambiwa mambo mawili, na wote wawili wakaambiwa na wataalamu wa kweli.

Je, jirani ametoa wapi habari ya akili pungufu? Hakuibuni. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti kutoka jimbo la Maine, Marekani, uliozichunguza damu za wajawazito zaidi ya 25,000 zilizokuwa zimehifadhiwa. Watoto wa akina mama waliokuwa na tezi iliyolegea bila kutibiwa walipopimwa akili wakiwa na umri wa miaka saba hadi tisa, walionekana kuwa nyuma kwa wastani wa alama 7 hivi kuliko watoto wengine. Habari hiyo ilienea dunia nzima. Isipokuwa wengi wa akina mama hao hawakuwa na ulegevu mdogo. TSH zao zilikuwa juu sana. Msemo ukasafiri, na maelezo yakabaki nyuma.

Swali la ulegevu mdogo lilijibiwa baadaye kwa majaribio mawili makubwa. La kwanza, lililochapishwa mwaka 2012, lilifanyika Uingereza na Italia kwa wajawazito karibu 22,000. La pili, la mwaka 2017, lilifanyika Marekani. Katika yote mawili, baadhi ya wanawake wenye ulegevu mdogo walipewa thairoksini na wengine hawakupewa. Watoto wao walipimwa akili, wale wa kwanza wakiwa na miaka mitatu, wale wa pili wakiwa na mitano. Haikuonekana tofauti. Uadilifu unatudai tuongeze kwamba wanawake hao walianza kupewa vidonge baada ya wiki ya 12 au zaidi, na katika jaribio la Marekani karibu wiki ya 17, wakati ambapo sehemu kubwa ya kazi ya mwanzo imekwisha kupita. Kwa hiyo wataalamu wangali wanajadiliana kuhusu faida ya kuanza mapema. Lakini hakuna anayeweza kumwambia mwanamke mwenye 4.8 kwamba mwanawe amekwisha kuharibika. Maneno hayo hayana msingi, na mwenye kuyatamka mbele ya mja mzito amemtwika dhiki bure.

Basi afanyeje? Arudie kipimo, na safari hii thairoksini yenyewe ipimwe pamoja na kingamwili zinazoishambulia tezi, ambazo karatasi huziandika TPO. Kingamwili hizi ni askari wa mwili waliogeuka wakaipiga nyumba yao wenyewe, na kuwapo kwake hubadilisha hukumu yote. Mwanamke mwenye 4.8 na kingamwili hizo, mwongozo wa 2017 unapendekeza atibiwe, kwa sababu tezi yake imekwisha kudhoofishwa na haitaubeba mzigo unaokuja. Mwenye 4.8 hiyo hiyo bila kingamwili, daktari anaweza kumpa dozi ndogo au kumfuatilia kwa vipimo, na njia zote mbili zinakubalika. TSH ikipita 10, hapo hakuna mjadala, hutibiwa. Mstari mmoja wa karatasi, kwa hiyo, hausemi kitu mpaka tujue umeandikwa juu ya nani.

Akumbuke pia kumweleza daktari kama anameza vile vidonge vya kuotesha nywele na kuimarisha kucha ambavyo vimeenea sana siku hizi. Vingi vina vitamini ya biotini kwa wingi, nayo huweza kuvuruga kipimo chenyewe kikatoa tarakimu isiyo ya kweli.

Wanaouliza dalili tunawajibu kwa tahadhari, kwa sababu dalili za tezi iliyolegea karibu zote ni dalili za ujauzito: uchovu, usingizi, choo kigumu, mwili kuvimba, kusahausahau, nywele kukatika. Kuhisi baridi huenda kukawa ishara nzuri zaidi kwetu sisi wa Mombasa, ambapo mja mzito kwa kawaida hutafuta feni. Anayejifunika mtandio mzito adhuhuri ya Februari ana haki ya kuulizwa. Hata hivyo ulegevu mdogo mara nyingi hauna dalili yoyote.

Turudi kwa mama wa barua ya pili, kwa kuwa ndiye aliyetushughulisha zaidi. Hali yake si ya ulegevu mdogo wa kujadiliwa. Tezi yake ilishindwa kazi tangu zamani, na homoni aliyokuwa akiitegemea ilitoka ndani ya kile kidonge cha asubuhi. Levothairoksini iliyomo humo ina umbo lile lile la homoni inayotengenezwa na tezi, mwili hautofautishi. Kuiacha wakati wa mimba ni kumnyima mtoto kitu ambacho yeye mwenyewe bado hawezi kukitengeneza, na ni kujiweka karibu na kuharibika kwa mimba, shinikizo la damu na kuzaa kabla ya wakati. Mimba inataka dozi iongezwe, wala si kupunguzwa. Mwongozo tulioutaja unaeleza kwamba mwanamke anayetumia vidonge hivi, mara tu anapojua kuwa ni mja mzito, aongeze dozi kwa kiasi cha robo, jambo linalopatikana kwa urahisi kwa kumeza vidonge tisa kwa wiki badala ya saba, kisha apimwe damu kila baada ya wiki nne hivi mpaka katikati ya mimba. Dada zetu wanaotumia vidonge na wanatarajia kushika mimba wazungumze na madaktari wao mapema, ili amri hiyo waipokee kabla ya siku yenyewe. Wiki za kungojea kliniki ya kwanza ndizo hasa wiki ambazo mtoto hana tezi yake.

Kwa mama mkwe tuna neno, na tunalisema kwa heshima inayomstahiki. Kanuni yake kwamba mja mzito asimeze dawa ovyo ni kanuni njema, na imewahifadhi wengi. Kidonge hiki tu hakimo ndani yake. Tunamwomba awe yeye wa kumkumbusha mkaza mwanawe kila alfajiri.

Namna ya kukimeza nayo ina adabu zake. Kidonge hutaka tumbo tupu na maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Maziwa na kahawa hupunguza kiasi kinachoingia mwilini. Linalosahauliwa zaidi ni vidonge vya kuongeza damu, vile vya madini ya chuma anavyopewa kila mja mzito kliniki. Chuma hukikamata kidonge cha tezi tumboni na kukizuia kuingia katika damu, na vidonge vya kalsiamu hufanya vivyo hivyo. Tunawajua akina mama wanaomeza vyote kwa pamoja alfajiri ili wamalize shughuli, kisha tarakimu zinakataa kushuka na dozi inaongezwa kila mwezi. Kati ya viwili hivyo ziwepo saa nne. Cha tezi alfajiri, cha damu baada ya chakula cha mchana, na jambo limekwisha.

Swali la Ramadhani hutujia kila mwaka. Kumeza kidonge mchana kunafunguza, na hakuna haja ya kukimeza mchana. Anayefunga anaweza kuamka nusu saa au zaidi kabla ya daku, akakimeza kwa maji, kisha akala. Wengine huambiwa wakimeze wanapolala, saa tatu baada ya kula. Ushauri huo ni sahihi, ila nani katika mji huu hulala saa tatu baada ya kula katika Ramadhani, na kaimati zingali mezani baada ya tarawehe? Ama kufunga kwenyewe, mja mzito anayejihofia au kumhofia mwanawe ameruhusiwa kula, kisha azilipe siku zake. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, akila kwa kumhofia mtoto peke yake huongeza fidia juu ya kulipa. Maelezo zaidi aulizwe sheikh au ukhti wa darsa, na daktari aulizwe kuhusu mwili.

Sasa chakula, maadamu kimeulizwa. Chakula hakiwezi kuirejesha tezi iliyokwisha kushindwa, lakini tezi iliyo nzima haiwezi kufanya kazi bila madini ya iodini, na mja mzito anahitaji takriban maikrogramu 250 kwa siku, ilhali mtu mzima mwingine hutosheka na 150. Watu wa pwani tuna dhana ya kale kwamba maradhi ya rovu ni ya watu wa milimani, na kwamba anayekula samaki hayamhusu. Jirani zetu wa Zanzibar waliishi na dhana hiyo hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulipowachunguza watoto wa shule, takriban 21 katika kila 100 huko Unguja, na 32 katika kila 100 huko Pemba, walikutwa na tezi zilizovimba. Visiwa vimezungukwa na bahari kila upande! Sababu ilionekana jikoni: Pemba, ni nyumba moja tu katika mia iliyokuwa na chumvi iliyotiwa iodini. Waliopika kwa chumvi ya bahari iliyoanikwa juani walidhani bahari imo ndani yake, kumbe chumvi ya namna hiyo hubaki na iodini kidogo mno.

Kenya iliamuru chumvi itiwe iodini tangu mwaka 1978, na sehemu kubwa ya chumvi ya nchi hii hutoka hapa kwetu, katika mashamba ya Gongoni na Marereni upande wa Kilifi. Inunuliwe chumvi ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina iodini, ihifadhiwe katika chombo chenye kifuniko mbali na jua na unyevu wa pwani, na itiwe mwisho chakula kinapokaribia kuiva. Chumvi ghafi ya kupimiwa kwa kikombe isiwe ya jikoni kwa mja mzito.

Na muhogo? Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo, watafiti wa miaka ya 1960 na 1970 waliona rovu imezidi sehemu moja kuliko nyingine ingawa iodini ilikuwa haba kote, na muhogo ukatuhumiwa, kwa kuwa ndani yake mna kitu kinachoizuia tezi kuipokea iodini. Madhara hayo huonekana pale muhogo unapokuwa ndio chakula cha kila siku na iodini haipo. Muhogo wa nazi wa jioni katika nyumba yenye chumvi nzuri haumdhuru mtu.

Wala asikimbilie mtu upande wa pili akanunua vidonge vya mwani kwa kujitibu. Iodini ikizidi nayo huilegeza tezi. Wajawazito wa Kisomali katika kambi za Dadaab walipopimwa walikutwa na iodini iliyopita kiasi kikubwa. Chumvi ya kawaida, samaki, mayai na maziwa vinatosha.

Watu wengi hudhani kwamba kipimo cha tezi kimo katika vile vya kliniki. Hakimo. Kitabu cha mama na mtoto kina wingi wa damu, kundi la damu, kaswende, virusi vya ukimwi na mkojo. TSH huombwa pale penye sababu. Basi sababu itajwe siku ya kwanza: aliyewahi kuugua tezi au kufanyiwa upasuaji wa shingo, mwenye rovu, mwenye kisukari cha aina ya kwanza, aliyepoteza mimba mara kwa mara, mwenye mama au dada mgonjwa wa tezi. Muuguzi hawezi kuyajua haya kwa kumtazama mtu aliyevaa buibui na mtandio shingoni. Wenye hali ngumu zaidi huelekezwa Hospitali Kuu ya Rufaa na Mafunzo ya Pwani, ambayo watu wa Tononoka wanayo mlangoni.

Kwa waliopoteza mimba tunaongeza jambo moja. Kingamwili za tezi na ulegevu mdogo vimeonekana kuandamana na kuharibika kwa mimba, lakini jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa mwaka 2019 halikuona kwamba kuwapa vidonge wanawake wenye kingamwili na tezi inayofanya kazi sawasawa kuliongeza idadi ya waliozaa salama. Kidonge kina mahali pake, na si jibu la kila huzuni. Dua na kisomo viendelee, na karatasi ya maabara isifichwe kwa kuhofia macho ya watu. Daktari hawezi kutibu asichokiona.

Baada ya kujifungua mahitaji hushuka. Aliyekuwa akitumia vidonge kabla ya mimba hurudi katika dozi yake ya zamani, aliyeanzishiwa wakati wa mimba huenda akaviacha kwa ushauri wa daktari, na kunyonyesha hakuzuii dawa hii. Damu ipimwe wiki ya sita, ambayo kwetu huangukia arubaini inapotoka, na mtoto naye anapelekwa chanjo, kwa hiyo safari ni moja. Mwenye kingamwili afuatiliwe mwaka mzima, kwani tezi yake huweza kuyumba katika miezi hiyo. Na mzazi anayelia bila sababu, asiyetaka kumtazama mtu, mwenye uchovu usiokwisha hata anapolelewa vyema, kabla ya kuambiwa kwamba amekuwa mvivu au amepatwa na jicho, na ipimwe TSH yake.